Ukingo wa Kisu na Pete ya Shaba

Zisifiwazo katika habari za ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, aghalabu ni pampu; wala si ajabu, kwa kuwa pampu hunguruma, huzunguka, hula umeme na huonekana ikifanya kazi, ilhali kiungo cha feleji kinachokutanisha bomba moja na jingine hukaa kimya, kimekazwa bolti zake, na hapana mgeni wa maabara asimamaye kukitazama. Walakini mtu akiwauliza mafundi wenyewe, wale waliokesha wakisaka tundu lisiloonekana kwa jicho, atasikia habari za viungo kabla ya kusikia habari za pampu. Na katika makala haya nimeazimia kukitendea haki kiungo hicho, pamoja na pete yake ndogo ya shaba nyekundu, maana naona kimedhulumiwa sifa yake kwa muda mrefu.

Dhuluma yenyewe ni kongwe. Otto von Guericke, aliyekuwa meya wa mji wa Magdeburg huko Ujerumani katika karne ya 17, alitengeneza nusu-tufe mbili za shaba zenye upana wa takriban nusu mita, akazikutanisha midomo, akaitoa hewa iliyokuwamo kwa pampu aliyoibuni mwenyewe, kisha akafungisha farasi upande huu na upande huu wazivute, nao wakashindwa kuzitenganisha. Tangu siku hizo kisa hicho husimuliwa kwa ajili ya farasi, na wachoraji wamewachora farasi hao kwa bidii kubwa. Bali linalonivutia mimi ni jambo ambalo Guericke aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1672, kwamba baina ya nusu-tufe zile aliweka pete ya ngozi iliyoloweshwa nta na tapentaini. Lau si pete ile, hewa ingalirejea ndani kabla farasi hawajapangwa, na uzito wa hewa ya dunia, ambao juu ya duara la upana huo wapata tani 2, usingalimdhihirikia mtu yeyote.

Ngozi na nta ziliwatosha watu wa zama zile kwa kuwa utupu walioutaka haukuwa mkubwa. Hesabu za leo ni nyingine kabisa. Katika hewa tunayoivuta, molekuli moja haipati kwenda hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla haijagongana na mwenziwe; kanieneo likipunguzwa mpaka likawa sehemu moja ya trilioni ya lile la kawaida, molekuli hiyo hiyo, kama ingekuwa na uwanja wa kukimbilia, ingekwenda zaidi ya kilomita 60, kama kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, bila kukutana na nyingine. Fauka ya hayo, kila uso wa madini hupigwa daima na molekuli zilizosalia chomboni, na nyingi huupiga na kuganda juu yake. Kwa kipimo cha tori, ambacho tori 760 ndizo kanieneo la hewa ya ufukweni, uso uliosafishwa barabara ukiwekwa katika sehemu moja ya milioni ya tori hufunikwa na tabaka zima la molekuli kwa muda wa sekunde moja hivi. Na mtaalamu anayetaka kuuchunguza uso huo ukiwa safi kwa saa 2 au 3 hana budi kulipunguza kanieneo mara elfu kumi zaidi. Hapo ndipo kiungo kinapoingia katika mtihani, maana mwanya ambao fundi wa maji hangeuhesabu kuwa mwanya, kwa hesabu hizi ni mlango uliofunguliwa wazi.

Hadi kufikia katikati ya karne iliyopita vyombo vingi vya utupu mkali vilikuwa vya kioo, vikiyeyushwa na kuunganishwa kwa moto na mafundi stadi, na palipohitajika kufunga na kufungua palipakwa nta au grisi. Feleji isiyoshika kutu ilikuwapo tangu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza: huko Essen, Benno Strauss na Eduard Maurer wa kampuni ya Krupp walikuwa na aina yao ya kromi na nikeli mwaka 1912, na mwaka uliofuata Harry Brearley akaipata ya kwake Sheffield alipokuwa akitafuta madini ya mitutu ya bunduki yasiyolika upesi. Waingereza wamemtukuza Brearley, na kwa visu vya mezani wana haki. Lakini feleji ya mabomba ya ombwe ni ya ukoo wa Essen, yenye kromi takriban asilimia 18 na nikeli takriban 8, ambayo sumaku haiishiki, sifa iliyo muhimu sana pale ambapo miale ya elektroni au protoni itapita ndani ya bomba na haitakiwi kupotoshwa njia. Kromi hujifanyia juu ya uso utando wa oksidi wenye unene wa sehemu chache tu za milioni za milimita, na utando huo ndio ngao yake. Kaboni nayo hupunguzwa kwa makusudi, ili mahali palipochomelewa pasije pakapoteza kromi yake na kuanza kuliwa. Msomaji wa pwani asidanganyike na jina, hata hivyo: chumvi ya bahari huitoboa hata feleji hii vitundu vidogo vidogo, na mwenye mtambo kando ya bahari hana budi kuvihifadhi vipande vyake mahali pakavu, vimefunikwa.

Majina ya vipande vyenyewe hayatamshangaza fundi wa maji: elbo, tii, msalaba, nipo, redyusa, valvu. Kitakachomshangaza ni kwamba desturi za kazi zimepinduliwa takriban zote. Yeye hukata uzi kwenye ncha ya paipu, akauzungushia katani au tepu nyeupe, akakaza. Fundi wa ombwe huuepuka uzi kadiri awezavyo, kwa kuwa kila mfereji wake huficha hewa kidogo itakayotoka polepole kwa siku nyingi, na hata bolti inayowekwa ndani ya chombo hutobolewa katikati toka kichwani hadi nchani, ili hewa iliyo chini yake ipate njia. Fundi wa maji hupenda koki za shaba ya manjano kwa kuwa hazishiki kutu. Fundi wa ombwe hazitaki, kwa sababu zinki iliyomo huvukiza ikipashwa moto na kwenda kujipaka juu ya kila kitu kilichomo. Fundi wa maji huchomelea kwa nje, panapofikika. Fundi wa ombwe huchomelea kwa gesi ya agoni upande wa ndani, ule utakaotazamana na utupu, ili pasibaki ufa wa kuhifadhi hewa nyuma ya mshono. Anayefanana zaidi na fundi wa ombwe ni fundi wa kalafati, ajuaye kwamba jahazi haliponzwi na ubao bali na mwanya ulio baina ya mbao mbili.

Kwa utupu wa wastani kazi si ngumu. Ziko flanji ndogo zinazojulikana duniani kwa herufi za Kijerumani KF, za ukubwa wa 10, 16, 25, 40 na 50, ambazo midomo yake imechongwa mteremko kwa nyuma. Baina ya mbili huwekwa oringi ya mpira juu ya pete ya kuisimamisha katikati, kisha bangili ya chuma huzizunguka, ikakazwa kwa nati moja yenye masikio, pasi na spana. Mtoto wa shule aweza kufunga kiungo hicho kwa dakika moja, na katika maabara nyingi ndicho kinachofungwa mara nyingi kuliko vyote. Aibu yake ni mpira. Hata mpira bora wenye florini hauvumilii joto kubwa, na mvuke wa maji na gesi ya heliamu hupenya ndani yake taratibu, si kwa tundu bali kwa kupita katikati ya maungo ya mpira wenyewe, jambo ambalo hakuna kukaza kunakoweza kulizuia.

Kwa hiyo waliotaka utupu mkali zaidi walilazimika kuuacha mpira na kutafuta madini laini. Walijaribu waya wa dhahabu uliopindwa ukawa pete, nao ulifaa, ila gharama yake haihitaji maelezo. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1960 William Wheeler na mwenziwe, katika kampuni ya Varian ya Palo Alto, California, walipobuni kiungo ambacho mimi nakihesabu kuwa miongoni mwa vitu vidogo vilivyofikiriwa vizuri kuliko vyote katika ufundi wa karne ile. Hataza yake ikatolewa mwaka 1965, na biashara ikakiita ConFlat. Katika uso wa flanji, ndani ya duara lililochimbwa kina kidogo, umechongwa ukingo mkali unaozunguka mzingo wote kama makali ya kisu. Flanji mbili zinazokutana ni sawa kwa kila hali, hazina dume wala jike, na baina yake huwekwa pete bapa ya shaba nyekundu isiyo na oksijeni, yenye unene wa milimita 2 hivi. Bolti zikikazwa, ukingo wa huku na ukingo wa huku huiuma pete kwa pande zote mbili, na shaba, kwa kuwa ni laini kuliko feleji, huanza kukimbilia nje. Lakini ukuta wa lile duara lililochimbwa huizuia ukingoni, ikawa haina pa kwenda, na shinikizo hilo likizidi, hutiririka mithili ya nta na kuujaza kila mchirizo ulioachwa na mashine juu ya makali. Hikima yote ni katika kuinyima shaba njia ya kutorokea. Zaidi ya hayo, shaba na feleji hii hutanuka kwa joto kwa kadiri inayokaribiana mno, hata kiungo kizima kikipashwa moto hadi nyuzi 450 za sentigredi na kupoa tena, havitengani.

Pete hiyo hutumika mara moja tu. Kiungo kikifunguliwa, alama ya meno imebaki juu ya shaba, nayo shaba iliyobanwa imekwisha kuwa ngumu. Hutupwa, ikawekwa mpya. Flanji, ambayo thamani yake ni mara nyingi zaidi, yaweza kuishi miaka na miaka, maadamu makali yake hayajaguswa. Kwa ajili hiyo hufunikwa kifuniko cha plastiki tangu inapotoka kiwandani, na mwenye kuilaza kifudifudi juu ya meza ya chuma asishangae akifokewa. Mchubuko unaofuata mzingo wa makali wengine huuvumilia. Unaoyakata kwa kuvuka, kutoka ndani kwenda nje, huwa ni njia ya hewa iliyonyooka, na flanji hiyo dawa yake ni kuchongwa upya au kuachwa.

Namna ya kuifunga nayo ina adabu zake. Fundi huvaa glavu, kwa kuwa mafuta ya kidole kimoja yatosha kutoa mvuke kwa siku nyingi. Huifuta kwa kitambaa kisichomwaga nyuzi. Huipachika pete mahali pake na kuhakikisha kwamba imekaa. Huzungusha nati zote kwa mkono kwanza. Kisha hushika spana na kukaza kidogo kidogo, akivuka kutoka bolti hii kwenda ile inayoikabili, raundi baada ya raundi, mpaka nyuso mbili za feleji zikutane. Mwenye papara akaikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, pete hulala upande, na kazi yote imeharibika. Bolti zenyewe hupakwa fedha au unga mweusi wa molibdeni, kwa kuwa feleji hii ikisuguana na feleji ya jinsi yake hung'ang'aniana, na bolti ikikatikia ndani ya nati baada ya kupashwa moto, ni msumeno tu utakaoamua. Ama vipimo, hapo wanadamu wameshindwa kupatana: flanji ambayo Ulaya huitwa ya 40, kwa upana wa bomba lake kwa milimita, Marekani huitwa ya inchi 2 na robo tatu, kwa upana wake wote wa nje, na kitu ni kile kile chenye bolti 6 zile zile. Mwanafunzi mgeni hupoteza asubuhi nzima stoo akitafuta kitu alichokwisha kukishika mkononi.

Sasa chukulia kwamba kila kiungo kimefungwa sawasawa na hapana tundu popote. Pampu ikiwashwa, kanieneo litashuka upesi, kisha litasimama, na mtu asiyejua atadhani kwamba kuna uvujaji. Kumbe adui yu ndani. Uso wa feleji uliopata kuonana na hewa ya kawaida umefunikwa na maji, matabaka juu ya matabaka ya molekuli zilizouganda, nazo huachia moja moja kwa uvivu ambao ungechukua majuma na miezi. Na maji yakishaondoka, hubaki haidrojeni iliyofungwa katikati ya feleji tangu siku ilipoyeyushwa tanuruni, ikipenya kutoka kilindini mwa ukuta na kuchomoza ndani ya chombo. Dawa ya maji ni moto: mtambo wote huzungushiwa kanda za umeme na kupashwa nyuzi 150 hadi 250 kwa siku kadhaa, pampu zikiendelea kuvuta. Dawa ya haidrojeni ni moto mkali zaidi, ambao feleji hupewa kabla haijaunganishwa, mara nyingine ndani ya tanuru lenye ombwe kwa nyuzi 950 hivi. Ni hapa msomaji atakapofahamu kwa nini mpira ulikataliwa, maana kiungo kisichovumilia moto hakina nafasi katika kazi ambayo moto ndio sabuni yake.

Na tundu likiwapo kweli, husakwa kwa heliamu. Ufundi huu uliletwa na Vita Vikuu vya Pili: Alfred Nier, Mmarekani mtaalamu wa kupima uzito wa atomi, alibuni chombo cha namna hiyo kwa ajili ya Mradi wa Manhattan, ule wa bomu la atomiki, ambao mitambo yake ya kuchuja urani haikuweza kuvumilia uvujaji. Fundi hupuliza heliamu kidogo kidogo nje ya viungo, na chombo kilichounganishwa kwa ndani humwambia mara moja kama hata chembe chache zimeingia. Huanzia juu na kushuka, kwa sababu heliamu ni nyepesi na hupanda, na aanzaye chini atashtaki kiungo cha juu kisicho na hatia. Hata hilo limekumbukwa katika flanji za kisu: ukingoni mwake mna vijia viwili vya kupitishia gesi hiyo hadi karibu na pete.

Baada ya kukisifu kiungo kiasi hiki, insafu yanitaka nikiri kwamba kiungo bora kuliko vyote ni kile kisichokuwapo. Waliojenga vituo viwili vya LIGO, vya kusaka mawimbi ya mvutano, nchini Marekani, kimoja Hanford katika jimbo la Washington na kingine Livingston, Louisiana, walihitaji kila kimoja mabomba mawili ya utupu, kila bomba urefu wa kilomita 4 na upana wa mita 1.2, ili leza ipite ndani yake bila kusumbuliwa na molekuli za hewa. Hawakuyajaza flanji. Walichukua mabati ya feleji yenye unene wa milimita 3 tu, wakayasokota na kuyachomelea kwa mshono wa mzunguko yakawa mabomba, wakayaunganisha mabomba hayo kwa kuchomelea palepale uwanjani, na flanji wakaziacha kwa sehemu ambazo hazina budi kufunguliwa, penye vioo na vyombo. Kupasha moto bomba la urefu huo kwa kanda kungekuwa ni kujisumbua. Wakapitisha umeme wa ampia 2,000 katika ukuta wenyewe wa bomba, ukapata moto hadi nyuzi zipatazo 160, wakaushikilia hivyo kwa karibu mwezi mzima. Mita za ujazo 10,000 za hewa katika kila kituo ziliondolewa kwa muda wa siku 40, na kanieneo likawa sehemu moja ya trilioni ya hewa ya nje. Tarehe 14 Septemba 2015 mabomba hayo yaliwawezesha wanadamu kwa mara ya kwanza kupima wimbi la mvutano lililotoka kwa matundu meusi mawili yaliyogongana, wimbi lililobadili urefu wa kilomita 4 kwa kadiri iliyo ndogo mno kuliko upana wa protoni. Nishani ya Nobel ya mwaka 2017 walipewa Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne, na waliistahili. Wachomeleaji, kama ilivyo ada, hawakutajwa.

Wenzao wa CERN, maabara ya kugonganisha protoni iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, waliwahi kuonja upande wa pili, pale kiungo kinaposhindwa. Tarehe 19 Septemba 2008, siku chache baada ya duara lao la kukimbizia protoni, lenye mzingo wa kilomita 27, kuwashwa kwa shangwe, kiungo kimoja cha umeme baina ya sumaku mbili, miongoni mwa maelfu ya viungo vya jinsi hiyo, kiliyeyuka. Cheche ikatoboa chombo cha heliamu, ombwe likapotea, na masizi yakaenea ndani ya mabomba ambayo hayakutakiwa kuguswa hata kwa kidole kitupu. Mtambo haukurudi kazini mpaka Novemba 2009.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya mbali. Kampuni ile ile ya Varian, iliyojulikana kwanza kwa mirija ya rada na pampu, ndiyo ambayo tawi lake moja lilikuja kuwa mashuhuri kwa mashine za mionzi za kutibu saratani. Na mashine za jinsi hiyo, za makampuni mbalimbali, zinafanya kazi leo katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam na katika hospitali kadhaa za Nairobi, kila moja ikiwa na bomba la ombwe ambamo elektroni hukimbizwa kabla mionzi haijamfikia mgonjwa. Darubini za elektroni za vyuo vikuu vyetu nazo hazioni kitu pasi na ombwe. Wachomeleaji wa gesi ya agoni tunao, na wengine ni mahiri kweli kweli. Basi anayeandika maombi ya fedha za kununulia darubini ya namna hiyo, ama mtambo wowote wa maabara uliojengwa kwa flanji za kisu, na aandike katika maombi hayo hayo pete za shaba za kutosha miaka mitano na mafunzo ya mtu mmoja wa kuzifunga, maana pete moja ni bei ya sahani chache za wali, na ikikosekana siku kiungo kimefunguliwa, mtambo hauwaki.